Lafudhi ya Kuazima: Uhakiki wa Uigizaji wa Mzee Ojwang' Hatari

Utangulizi

Katika idara zetu za lugha imekuwa desturi kuihakiki riwaya, tamthilia iliyochapishwa na ushairi, na kuviachia magazeti vichekesho vya televisheni. Sababu zinazotolewa aghalabu ni mbili: kwamba vichekesho hivyo havina maandishi ya kuchambuliwa, na kwamba lugha yake ni mbovu. Makala haya yanaishughulikia sababu ya pili. Tunakusudia kuuchunguza uigizaji wa marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana kote nchini Kenya kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari, na kuuliza swali moja: je, kicheko alichokizua kwa lafudhi ya Kiluo kilikuwa cha kuwadharau wenye lafudhi hiyo na kukiharibu Kiswahili, au kilikuwa na kazi nyingine?

Yafaa msomaji aelezwe tangu mwanzo kwamba mwandishi si mwamuzi asiye na upande. Nimekuwa mpenzi wa Mzee Ojwang' tangu utotoni mwangu Burumba, mjini Busia, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nyumba zenye televisheni mtaani kwetu zilikuwa za kuhesabika, na nyingi zilitumia betri ya gari. Eriali ikielekezwa huku tulipata televisheni ya Uganda. Ikigeuzwa kule tulipata KBC. Siku ya Vitimbi hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa eriali. Basi haya ni maneno ya mpenzi. Lakini ni mpenzi ambaye baadaye alifunzwa isimu, na ambaye ameona haja ya kuupima upenzi wake kwa mizani ya elimu hiyo.

Mwigizaji na mhusika

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Kituo cha taifa kiliitwa Sauti ya Kenya kwa miaka mingi, kisha mwaka 1989 kikawa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Wanjau aliigiza katika vipindi kadhaa vya kituo hicho, vikiwamo Darubini na Vioja Mahakamani, lakini jina lake limefungamana zaidi na Vitimbi, alimokuwa mume wa Mama Kayai, mhusika anayeigizwa na Mary Khavere. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Wanjau hakuwa Mluo. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikuyu. Jina Ojwang', lafudhi ya Ojwang' na mwendo wa usemi wa Ojwang' vilikuwa vitu vya kuazima. Watazamaji wengi hawakulijua hilo, na wengine walilijua lakini hawakulisadiki. Burumba palikuwa na mama mmoja wa Kiluo aliyeuza samaki sokoni, naye alikuwa akija kutazama nasi. Ndiye aliyecheka kuliko sisi sote. Mara kwa mara alinyamaza, akainamisha kichwa kama anayeonja mchuzi, akasema, "Hapo amesema sawasawa." Siku nyingine alisema, "Hapo amepita kidogo, mwanangu. Sisi hatusemi hivyo." Alikuwa mtaalamu wa fonolojia bila kuitwa hivyo, na Wanjau ndiye mtahiniwa wake.

Sauti na utaratibu wake

Wanaoiita lugha ya Ojwang' mbovu huizungumzia kana kwamba ni vurugu. Si hivyo. Dholuo haina sauti sh, z wala v. Kwa hiyo msemaji wa Dholuo ajifunzapo Kiswahili huelekea kuweka sauti ya karibu: shamba huwa samba, mzee huwa msee, vijana huwa fijana. Kosa lenye kanuni si vurugu. Ni alama ya mfumo wa lugha ya kwanza ndani ya lugha ya pili. Kila mwanafunzi wa isimu huambiwa hayo katika mwaka wa kwanza, lakini akitoka darasani huyasahau na kucheka kama watu wengine.

Sasa tumfikirie Mkikuyu anayetaka kusema Kiswahili kama Mluo. Kazi yake ni mbili, wala si moja. Kwanza hana budi kuivua lafudhi yake mwenyewe. Kikuyu haitofautishi l na r, na kwa hiyo lakini huwa rakini. Tena sauti kama b na d hutanguliwa na ung'ong'o, hata barua ikawa mbarua. Katika Dholuo, l na r ni sauti mbili mbalimbali. Ojwang' akisema rakini, mhusika amekufa pale pale, na yule mama wa samaki angekuwa wa kwanza kumzika. Pili, akiisha kuivua lafudhi ya kwao, ndipo avae ya jirani, sauti kwa sauti, pamoja na mkazo na mawimbi ya sentensi. Kazi hii haifanywi na mtu asiyemsikiliza jirani yake. Mwenye dharau husikiliza kwa muda mfupi tu. Akishapata sauti moja au mbili za kuchekea, hutosheka. Wanjau alisikiliza kwa miaka.

Mume na mshtakiwa

Lakini sauti peke yake haifanyi mhusika. Tuligundua hilo kwa njia isiyotarajiwa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilimwonyesha mwenzangu wa darasa, Mjerumani aliyejifunza Kiswahili sanifu vizuri sana, kipande cha Vitimbi. Hakuwa na sikio la kutofautisha Mluo na Mkikuyu. Kwake sisi sote tulisema "Kiswahili cha Kenya". Nilidhani hatacheka. Alicheka, ila hakucheka mahali nilipocheka mimi. Mimi nilicheka kwenye sauti. Yeye alicheka pale mzee aliyekuwa akitoa amri alipotambua kwamba mkewe amesimama nyuma yake.

Tukio hilo lilinipa njia ya uhakiki ambayo naipendekeza kwa wengine. Mazungumzo ya kichekesho yaandikwe upya kwa Kiswahili sanifu, lafudhi yote iondolewe, kisha tuulize: je, kicheko kimebaki? Kikitoweka chote, basi tulikuwa tukimcheka mtu kwa jinsi alivyozaliwa. Kikibaki, tulikuwa tukicheka tabia.

Katika Vitimbi kinabaki. Ojwang' ni mume mwenye maneno makubwa kuliko uwezo wake. Hujiita Hatari, naye hamtishi mtu nyumbani mwake. Hupanga hila, hila humrudia. Hutoa amri, Mama Kayai huitengua. Mzee wa namna hii hana kabila. Yumo Mumias, Nyeri na Lamu, na Ujerumani pia, kama nilivyojifunza. Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, alieleza kwamba tunacheka tunapomwona mtu hai akienda kama mtambo usioweza kubadili mwendo. Majivuno ya Ojwang' ndiyo mtambo wake: kila wiki huvunjika, na kila wiki huwashwa upya.

Katika Vioja Mahakamani mambo ni tofauti kidogo. Hapo ukumbi ni mahakama, yenye hakimu, mwendesha mashtaka na kizimba. Mahakama ina rejesta yake, nayo ni lugha ya wenye mamlaka. Mwananchi anaposimama kizimbani na kujitetea kwa Kiswahili cha kwao, hugongana na rejesta hiyo. Na kicheko hutoka kwenye mgongano wenyewe. Mtazamaji wa Burumba aliyewahi kuhojiwa mpakani juu ya gunia la sukari aliuelewa mgongano huo bila mwalimu. Alicheka pamoja na mshtakiwa dhidi ya lugha ya kizimba.

Hata hivyo, mpenzi asijifanye kipofu. Yapo mambo ambayo mizani yetu inayakataa. Vichekesho vya Kenya vilivyofuata vimechukua kwa Ojwang' kile kilichokuwa rahisi kuchukuliwa, yaani lafudhi, na kukiacha kilichokuwa kigumu, yaani mhusika. Mluo wa kujigamba, Mkikuyu wa kupenda fedha, Mluhya wa kupenda chakula: hawa ni vibandiko visivyo na watu ndani. Mtu anaweza kudai kwamba Ojwang' ndiye aliyefungua mlango huo, wala dai hilo si la kupuuzwa. Tukitazama Tanzania, Amri Athumani wa Tanga, maarufu kama King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, aliwachekesha watu kwa uso, mwili na ulimi wa kipwani, bila kuhitaji lafudhi ya jirani. Ameonyesha kwamba njia nyingine ipo.

Lawama mbili

Lawama ya kwanza hutoka kwa walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. Tangu hapo usanifu wa lugha ukawa na bei: alama, cheti, kazi. Mwalimu aliyefundisha ngeli mchana alilalamika kwamba Ojwang' alizibomoa jioni. Nayajua malalamiko hayo, kwa kuwa niliyasikia darasani. Lakini kwa mtoto wa mpakani hali ilikuwa kinyume. Burumba mtu husikia Lukhayo, Kisamia, Kiteso, Dholuo na Luganda katika safari moja ya sokoni. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, tena kilikuwa cha lafudhi nyingi. Sisi wasemaji wa Luhya tulisema kari kwa gari na parua kwa barua. Sikuwahi kumsikia mtangazaji wa habari akisema kama mtu ninayemjua. Ojwang' ndiye wa kwanza kuniambia, kupitia chombo cha taifa, kwamba mtu anaweza kusema hivi na bado akawa msemaji wa Kiswahili. Wala sikukosa ngeli katika mtihani kwa sababu yake. Mtoto hujua mapema kwamba lugha ina mavazi, na kwamba la shuleni silo la sokoni.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya ukabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya. Siku hizo lafudhi haikuwa mzaha. Ilitosha kumtambulisha mtu mbele ya waliokuwa wakimtafuta. Asemaye kwamba kuigiza lafudhi ya kabila jingine ni mchezo tu, hajafikiri juu ya siku hizo. Lakini ni siku hizo hizo zinazotufanya tuitazame upya kazi ya Wanjau. Wakati siasa ziliwapanga Wakikuyu na Waluo pande mbili, mtu wa Kikuyu alikuwa ndiye Mluo mashuhuri wa televisheni ya taifa, na Waluo wenyewe walimhesabu kuwa wao. Alipofariki mwaka 2015 na jina lake halisi likatajwa redioni, yule mama wa samaki, sasa mzee, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi alikuwa shemeji. Mtu hajui kusema hivyo kama hakukaa kwenu." Utani, katika mila zetu, ni haki inayotolewa na anayetaniwa, mtani hajitwalii mwenyewe. Wanjau alipewa.

Hitimisho

Ningependa kumalizia kwa ushahidi unaonielemea mimi mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mwanafunzi mmoja alisoma kwa sauti kifungu chenye neno shida, akatamka sida. Nilimwiga. Darasa lilicheka, nami nilifurahi, nikijiona Ojwang'. Mwanafunzi yule aliketi, na hakusema neno darasani hadi mwisho wa muhula.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi wakati wa kuandika makala haya, kwa kuwa kwa nje vitendo viwili vinafanana: mtu asiye Mluo ameiga lafudhi ya Kiluo, na watu wamecheka. Tofauti iko katika jambo moja. Baada ya kila kicheko Ojwang' huendelea kusema. Hushindwa, huaibika, hutenguliwa na mkewe, lakini ulimi haumfungiki. Hata akishindwa bado ana neno la kusema. Kicheko kilimpa nafasi ya kusema zaidi. Kicheko changu kilimnyamazisha mtu. Tena Wanjau alijiweka yeye mwenyewe mahali pa kuchekwa. Mimi nilimweka mwingine.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba kosa halimo katika lafudhi, wala katika kuiiga. Limo katika kumwacha mwenye lafudhi bila usemi. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa wahakiki wa vichekesho, na kwa walimu pia. Napendekeza vilevile kwamba vipindi vya Vitimbi vinavyopatikana vinukuliwe kwa maandishi na vitumiwe katika masomo yetu ya fonolojia, ili mwanafunzi ajifunze kuusikiliza mfumo wa sauti kabla ya kuuhukumu. Mimi nimekwisha kuanza. Katika somo la kwanza huwaeleza wanafunzi kwamba mwalimu wao alikuwa akisema parua, kisha naisoma barua yenyewe mbele yao kwa sauti ya Burumba. Wanacheka sana. Halafu wanaanza kusema.