Chupa ya Mkojo

Nilipokuwa darasa la nne, watu wa afya walikuja shuleni kwetu Nkololo na katoni ya vichupa. Kila mtoto alipewa chake, akaenda nyuma ya vyoo, akarudi amekificha kiganjani. Wenye mkojo mwekundu tulijulikana hata kabla ya maabara, kwa kuwa ndio tuliokificha zaidi. Tuliogelea lambo moja. Ng'ombe wakinywa upande huu, sisi tunapiga mbizi upande ule. Kichocho kwetu hakikuwa habari. Waliporudi mara ya pili walitusimamisha mmoja mmoja kando ya fimbo ndefu iliyochorwa mistari, na urefu wako ndio ulioamua umeze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Vidonge vikubwa, vichungu, ukivitafuna unajuta.

Nilivikumbuka vidonge hivyo nikiwa nasoma The Climb, kitabu cha maisha ya Chris Froome kilichotoka 2014, mwaka mmoja baada ya kushinda Tour de France yake ya kwanza. Froome alizaliwa Nairobi 1985. Anasimulia kwamba mwishoni mwa 2010 aligundulika ana kichocho, kwamba minyoo ilikuwa inakula chembe nyekundu za damu yake, na kwamba ilibidi atibiwe zaidi ya mara moja. Kwa dawa ileile yetu.

Ugonjwa huo una kazi kubwa kitabuni. Hadi katikati ya 2011 Froome alikuwa mwendeshaji wa kawaida katika timu ya Sky, ambaye hakuwa na hakika ya kupewa mkataba mwingine. Septemba mwaka huo akamaliza wa pili katika Vuelta, mbio za wiki tatu za Hispania. Watu hawapandi hivyo kwa siku chache, walisema wenye shaka, na shaka yao ilikuwa na sababu: Oktoba 2012 Lance Armstrong alivuliwa mataji yake yote saba ya Tour. Aliyewashinda wote Vuelta ya 2011, Juan José Cobo, naye alivuliwa ushindi huo 2019 baada ya rekodi za damu yake kuonyesha kasoro, na taji likaenda kwa Froome. Katika mchezo kama huo, mtu akikwambia alikuwa dhaifu kwa sababu ya mdudu wa majini Afrika, wapo watakaoguna.

Mimi sikuguna. Niliamini papo hapo, nikafurahi hata, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Ilinichukua kurasa kadhaa kujiuliza naamini nini hasa. Nilichokuwa nakijua ni kwamba kichocho kipo na kinachosha. Kama kilimchosha yeye, na kama kilipotoka ndipo miguu ikafunguka, lambo la Nkololo haliwezi kunithibitishia. Kitabu kilikuwa kimepata kwangu shahidi ambaye hakuona tukio.

Na hapo ndipo The Climb inaponishinda. Ni kitabu kinachojitetea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata aliyemsaidia kukiandika ni sehemu ya utetezi: David Walsh, mwandishi wa habari wa Ireland aliyemfuatilia Armstrong kwa miaka mingi wakati wengine wakimpigia makofi. Ni kama kumwomba hakimu mkali wa wilaya awe mshenga wako. Hakuna anayedhani hakimu amehongwa, ila posa imeshapata uzito ambao bwana harusi mwenyewe hakuuleta.

Kurasa zinazopumua ni zile ambazo hazimtetei mtu. Kijana mzungu anamfuata David Kinjah, mwendeshaji mwenye rasta, hadi kijijini Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, ambako nyumba imejaa fremu kuukuu, minyororo na watoto wa majirani wanaofundishwa baiskeli. Wanapanda milima pamoja, wanarudi, wanakula ugali. Hapo Froome anaandika kama mtu anayekumbuka. Akishafika Ulaya anaandika kama mtu anayehojiwa.

Kuna kituko kimoja anachokisimulia kwa kicheko. Mwaka 2006, akitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana mjini Salzburg, aliingia kwenye barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya na kujiandikisha mwenyewe kwa jina la kiongozi wa chama. Akaenda. Mbio zilipoanza hakufika mbali, akamgonga ofisa wa mashindano wakaanguka wote. Ni kisa kitamu na nilicheka. Kisha nikajaribu kukigeuza: kijana wa Kikuyu au wa Bariadi anaingia kwenye barua pepe ya chama cha Uingereza na kujisajili kwa jina la bosi. Sidhani kingeitwa ujasiri. Kitabu kinachotuomba tumwamini mtu kilipaswa kutulia hapo hata aya moja, kinapita mbio.

Kwa upande wa pili nina The Secret Race ya Tyler Hamilton, aliyoiandika na Daniel Coyle, ya 2012. Hamilton alikuwa mwenzake Armstrong katika timu, na alidanganya kwa miaka. Alipokamatwa 2004 kwa damu ya mtu mwingine iliyoonekana ndani ya damu yake, aliendelea kukana. Lakini siku alipoamua kusema, alisema yote: EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu, waliyoipa jina la utani Edgar, dozi ndogo za usiku ili asubuhi mkojo uwe safi, mifuko ya damu kwa Eufemiano Fuentes, daktari wa Madrid, kujifungia ndani kimya wakati mpimaji anabisha hodi. Ni kitabu bora kuliko cha Froome, na inaniudhi kukiri hivyo. Mwongo aliyeshindwa hana cha kulinda, kwa hiyo anaona vizuri. Anayesema hakutumia hana mandhari ya kutuonyesha. Ataelezaje usiku ambao hakujidunga sindano?

Halafu lugha yenyewe. Sisi tuna neno moja, dawa: ya malaria, ya mende, ya mapenzi, ya kushinda mbio. Usukumani ushindani wa ngoma ni wa Wagika na Wagalu, makundi mawili ambayo simulizi inayarudisha kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani mwenye dawa kali. Makundi yanacheza kwa wakati mmoja, na lenye watu wengi zaidi limeshinda. Hakuna anayekata rufaa eti wenzao walikwenda kwa mfumu. Kila mtu amekwenda. Nimeshuhudia hivyohivyo kwenye mbio za baiskeli vijijini kwetu, wale wa Phoenix zilizotolewa keria. Mshindi anapofika, nyuma yangu kuna anayenong'ona kuhusu dawa, na mnong'ono huo una heshima ndani yake.

Nisieleweke vibaya, EPO si hirizi. Hirizi haifanyi damu kuwa nzito hadi moyo usimame usingizini. Ila nilipomsoma Hamilton nilielewa haraka kuliko nilivyotarajia: ni kundi zima lenye mfumu mmoja, isipokuwa kwao hakuna aliyeruhusiwa kumtaja.

Miaka mitatu baada ya The Climb, chupa ya mkojo ikarudi. Tarehe 7 Septemba 2017, katika Vuelta aliyoishinda, sampuli ya Froome ilikutwa na nanogramu 2,000 za salbutamoli kwa mililita, mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Salbutamoli ni ile ya kipampu cha pumu. Kuivuta kunaruhusiwa hadi kipimo fulani. Habari ikavuja Desemba. Wanasheria na wanasayansi wakabishana hadi tarehe 2 Julai 2018, UCI, chama cha baiskeli cha dunia, kikafunga kesi bila adhabu, siku tano kabla ya Tour kuanza. Diego Ulissi wa Italia alikuwa amekutwa na 1,900 mwaka 2014, naye akafungiwa miezi tisa.

Sisemi Froome alidanganya. Walioichunguza kesi walimwondolea lawama, na ni kweli kwamba mwili ukikauka maji kwa joto na uchovu mkojo unakuwa mzito, hivyo namba inapanda bila mtu kuongeza dozi. Ninachosema ni kwamba baada ya namba hizo mbili nilikirudia kitabu na sikuweza kukisoma tena kama mwanzo. Sentensi zilezile za 2014 zilikuwa zinaongea na mahakama ambayo ilikuwa bado haijaitishwa. Kinjah peke yake ndiye hakubadilika. Hakuna aliyewahi kunifanya nijiulize alikuwa na nini kwenye mkojo wake, kwa sababu hakuna aliyepata taji lililostahili kupimwa pale Mai-a-Ihii.

Nilimsimulia haya fundi baiskeli wetu wa sokoni Nkololo, ambaye zamani alikuwa anashindana mwenyewe. Alikuwa ananyoosha rimu, anazungusha gurudumu na kusikiliza. Habari za nanogramu hazikumgusa. Za kichocho alitikisa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa kwamba mvua hunyesha.

"Sasa huyo mwenye rasta alipata nini, mdogo wangu?"

Nikamwambia kurasa zake zinaishia mapema.

"Na baiskeli alimpa yeye?"

"Alimfundisha."

Akakaza spoku moja, akazungusha tena.