Mstari wa Penseli Unaonusa

Mwaka 2012, katika maabara ya mwanakemia Timothy Swager kwenye chuo cha MIT, Marekani, watafiti walichukua unga wa nanotubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni, wakaushindilia mpaka ukawa kijiti kigumu. Kijiti wakakitia ndani ya penseli ya kawaida badala ya risasi yake, wakachora mstari kwenye karatasi. Mstari ule ulihisi amonia.

Nausifu ufundi huu kwa sababu ya walichokiacha. Kwa kawaida mirija hii huchanganywa kwenye vimiminika vikali, na hata humo haitulii, hushikamana ikawa mabonge. Penseli haitaki kimiminika chochote. Inataka mkono.

Mrija wa ukuta mmoja una kipenyo cha takribani nanomita 1, na atomi zake zote zimekaa juu, zimeikabili hewa. Molekuli ya amonia ikitua, huupa mrija elektroni. Lakini mrija uliokaa hewani hupitisha umeme kwa nafasi zilizoachwa wazi na elektroni. Nafasi zikijazwa, njia husongeka na ukinzani hupanda. Jing Kong, Hongjie Dai na wenzao wa Stanford walilionyesha jambo hilo mwaka 2000.

Mwaka 2014 maabara ya Swager ikafanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Walichukua lebo zinazosomwa kwa kusogezewa simu, zile zisizo na betri, zinazopata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya simu yenyewe. Wakatoboa tundu kwenye njia ya umeme, na lebo ikafa. Kisha wakaiunga kwa penseli: mstari mweusi ukazunguka tundu, ukakutanisha ncha mbili za chuma, na simu ikaisoma tena. Amonia ilipofika, simu ikashindwa kuisoma, na kushindwa huko ndiko taarifa yenyewe. Kuharibu kitu kizima ili kipate kunusa kunahitaji ujasiri, na kujua pa kutoboa kunahitaji zaidi ya ujasiri.

Mirija peke yake haichagui sana gesi. Kwa ethilini, gesi inayoziivisha ndizi tunapozivundika, maabara ya Swager iliichanganya mirija na kemikali yenye shaba, kwa kuwa mimea nayo huitambua ethilini kwa kipokezi chenye shaba. Unyevu wa hewa bado huvivuruga vihisi vya namna hii, na ghala la matunda halikosi unyevu. Hapo ndipo ufundi bado unadaiwa kazi.