Kati ya -ja- na -ku-: Kuhuisha Mazungumzo ya Filamu kwa Maandishi na Usemi wa Pwani ya Mtwara

Miongoni mwa mazoezi yanayotolewa katika madarasa ya usanifu wa michoro, limo moja ambalo kwa sura ni la ufundi lakini kwa undani ni la kiisimu. Mwanafunzi huchukua sekunde chache za mazungumzo ya filamu, huondoa picha na kuacha sauti, kisha huyaandika maneno yale kwenye skrini yakitembea, yakikua au yakififia kwa kumfuata msemaji. Mbinu hii ina nasaba ndefu katika sinema ya Marekani: katika utangulizi wa North by Northwest (1959), Saul Bass aliyapandisha na kuyashusha majina ya waigizaji juu ya mistari ambayo hatimaye hugeuka ukuta wa jengo. Hata hivyo, majina ya waigizaji hayana sauti ya kuigwa, mazungumzo yanayo. Makala haya yanadai kwamba maandishi ya namna hii, yanapotumiwa kwa Kiswahili, huwa othografia ya pili, na kwamba kila uamuzi kuhusu mwendo wa herufi ni uamuzi kuhusu lugha. Usemi wa pwani ya Mtwara unaonesha kwa uwazi gharama ya uamuzi huo.

Suala la kwanza ni kipashio. Zoezi lilivyozoeleka katika Kiingereza huingiza neno moja baada ya jingine, kwa kuwa katika lugha hiyo ukanushi, wakati, mtenda na tendo aghalabu husimama kama maneno mbalimbali. Kitenzi cha Kiswahili hukusanya yote hayo mahali pamoja. Ichukuliwe mfano wa kubuni: katika filamu, mwanamke amesimama ufukweni Msimbati, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, akingoja ngalawa. Anaulizwa habari za wavuvi, naye anajibu kwa neno moja: Hawajarudi. Iwapo neno hili litatokea lote kwa mkupuo, mtazamaji atapata taarifa lakini atakosa tukio. Kiambishi -ja- kinakanusha huku kikiacha mlango wazi: wavuvi bado wanatazamiwa. Kikibadilishwa kuwa -ku-, neno linakuwa Hawakurudi, na mlango umefungwa. Silabi moja inatenganisha matumaini na msiba.

Hapa ndipo ugumu unapojitokeza. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maneno yote mawili ni -ru-. Msanifu anayefuata kanuni nyepesi kwamba herufi kubwa ni sauti kubwa ataikuza -ru-, na silabi iliyobeba hatima ya wavuvi itapita bila kuonekana. Sauti inaelekeza jicho mahali pamoja, maana inalielekeza pengine. Suluhisho halimo katika kuchagua moja na kuitupa nyingine, bali katika kugawana kazi: ukubwa uihudumie -ru-, muda uihudumie -ja-, kwa kuifanya ikawie kidogo kabla mzizi haujafika. Othografia ya kawaida haina nyenzo ya kugawa kazi hivyo. Maandishi yanayotembea yanayo.

Vivyo hivyo kwa kiimbo. Hawajarudi ya taarifa na Hawajarudi ya swali zina herufi zilezile, na kiulizi hufika baada ya neno kwisha kusomwa. Barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutofautishwa na mkazo ambao maandishi hayauoneshi. Mstari wa herufi unaopanda, au silabi inayozama, unaweza kurejesha kile ambacho tahajia imekiacha.

Kusini mwa Tanzania suala hili hupata uzito zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia ikafuata uchaguzi huo. Wazungumzaji wengi wa mkoa wa Mtwara huishi na Kiswahili bega kwa bega na Kimakonde, Kiyao, Kimakua au Kimwera. Kimakonde ni lugha ya toni, na irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho wa kirai hurefushwa humo kwa kanuni. Mhusika anayebeba mvuto huo katika Kiswahili chake ataivuta -ru- kuliko mhusika wa Unguja. Msanifu akiandika Hawajaruudi, ameharibu: katika tahajia ya Kiswahili irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kuwa silabi mbili, kama katika kaa na paa, na msomaji ataona kosa mahali palipo na utaratibu. Akiinyoosha u ileile moja kwa upana na kuirudisha, tahajia imebaki sanifu na usemi umebaki wa msemaji.

Si kila tofauti hutatuliwa kwa unyoofu huo. Katika Kimakonde, king'ong'o cha mwanzo hufuata mahali pa matamshi pa konsonanti iliyo mbele yake. Ndiyo maana jina la mji husikika kama Ntwara. Hapa inabadilika herufi yenyewe. Uandishi wa N unaweza kuwa uaminifu, unaweza pia kuwa kejeli, hasa mhusika wa kusini anapoletwa kwenye skrini ili lafudhi yake ichekwe. Kigezo kinachofaa ni usawa: ikiwa matamshi ya mhusika wa Dar es Salaam anayedondosha h yanasawazishwa kimya kimya, basi matamshi ya Mmakonde peke yake hayana sababu ya kuandikwa yalivyo. Pale yanapoandikwa ya wote, N ya Ntwara inapata heshima yake.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Mwendo wa herufi huweza kuamua kile ambacho mwigizaji alikiacha na utata; neno lililosemwa nusu kama swali, nusu kama taarifa, likipandishwa limekwisha kuwa swali. Pingamizi hili ni la kweli, na linamweka msanifu katika kundi la wafasiri. Watazamaji wa vibanda vya video nchini walimjua Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na walisikia wazi kwamba aliyekuwa akisema ni yeye. Msanifu hasikiki, tafsiri yake huvaa sauti ya mwigizaji. Kwa hiyo zoezi lianze kabla ya kompyuta kuwashwa: mwanafunzi aandike mkazo, viambishi, kiimbo na urefu wa irabu wa kila tamko, na pale sikio linaposita, herufi nazo ziachwe zisite.