Kitanda Kilichomwokoa Daktari

The Last King of Scotland inaharibika usiku ule Nicholas Garrigan anapolala na Kay, mke wa Idi Amin. Mpaka hapo mwongozaji Kevin Macdonald ana filamu nzito mikononi. Baada ya hapo ana kisa cha mgoni anayewindwa na mume. Peter Morgan na Jeremy Brock, walioandika mswada, walikuwa na mhusika aliyebeba dhamira nzima mabegani mwake, wakamtua mzigo huo na kumpa fumanizi. Filamu hii ya 2006 imesifiwa sana, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni haki yake, lakini kwa uamuzi huu mmoja sina namna ya kuitetea.

Tukumbuke Garrigan alivyosawiriwa mwanzoni. Daktari kijana, amechoshwa na kwao Scotland, anazungusha tufe la dunia. Kidole kinaangukia Kanada. Haitaki. Anazungusha tena, kinaangukia Uganda. Halafu kuna lile tukio la ng'ombe aliyegongwa na gari: Amin ameumia mkono, ng'ombe anaugulia barabarani, daktari anashindwa kufanya kazi kwa makelele, anachukua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza mnyama. Walinzi wanashtuka, Amin anavutiwa, na muda si mrefu anavua shati lake la kijeshi ili apewe fulana ya Scotland. Hakuna aliyetuambia kwamba kijana huyu ni mwepesi wa kutenda na anapenda kusifiwa na wakubwa. Tumeona mkono wake.

Kisha Wasswa, waziri wa afya. Hapa mswada umefika juu kabisa. Garrigan anamwona waziri akizungumza na Mzungu hotelini, anakwenda kumweleza Amin, na Wasswa haonekani tena. Baadaye ndipo anapojua kwamba mazungumzo yale yalihusu dawa za hospitali. Hakushika silaha, hakupokea fedha, alitaka tu aonekane mwaminifu kwa bwana mkubwa. Dhamira yote ya filamu, yaani namna mtu anayejiona mwema anavyogeuka mshiriki wa mauaji, imo katika maneno machache aliyoyapeleka kwa Amin. Ungetegemea kuanzia hapo kila tukio limrudishie Garrigan deni la Wasswa.

Badala yake tunaletewa Kay.

Ugoni ule unabadilisha swali tunalojiuliza tukiwa tumekaa mbele ya skrini. Tulikuwa tunauliza amefanya nini, sasa tunauliza atatorokaje. Unampa Amin sababu, na sababu ndicho kitu ambacho hakupaswa kupewa, kwa kuwa kutisha kwake kote kulitokana na kutojulikana nini kitamkasirisha na lini. Pale uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 1976, Garrigan akitundikwa kwa ndoano zilizopenyezwa kifuani, vidonge vya sumu alivyomwandalia Amin vimekwisha gunduliwa, ni kweli, lakini Amin anazungumza naye kama mume aliyeibiwa. Mtazamaji anamwonea huruma mteswa, maumivu yanahesabiwa kuwa malipo, na Wasswa anasahauliwa. Daktari ameadhibiwa kwa kosa dogo ili asamehewe kubwa.

Naye Kay amefanywa nini? Kerry Washington alipewa mwanzo mzuri: mke aliyesukumwa pembeni, mama wa mtoto mwenye kifafa, mwanamke anayeijua nyumba ile kuliko mgeni yeyote. Mhusika kama huyo angeweza kutueleza habari za Ikulu ambazo Garrigan asingeziona kamwe. Mara ya mwisho tunamkuta chumba cha maiti, viungo vimekatwa na kushonwa upya, mikono mahali pa miguu, na hata hapo kamera inataka tuusome uso wa Garrigan. Amekufa ili mwanamume mwingine apate ujasiri wa kutia sumu.

Wala hawakulazimika kumfanya Garrigan mpenzi wake. Kay wa kweli, Kay Adroa, alipewa talaka mwaka 1974, na mwaka huohuo mwili wake ukakutwa umekatwa viungo. Aliyetajwa kuwa mpenzi wake alikuwa daktari Mganda, Mbalu-Mukasa, naye akafa. Giles Foden katika riwaya yake ya 1998, ambayo filamu imetokana nayo, aliliacha jambo hilo kwa Mbalu-Mukasa. Garrigan wa riwaya anaombwa msaada wa kuitoa mimba ya Kay, anajiweka kando. Kujiweka kando ndiyo tabia yake, na ndiyo dhambi yake. Morgan na Brock walikuta dhana hiyo imekwisha kusukwa, wakaifumua.

Sisemi ugoni hauwezi kubeba dhamira. Ngũgĩ wa Thiong'o alilithibitisha hilo mwaka 1967 katika A Grain of Wheat. Gikonyo anarudi kutoka kizuizini anamkuta Mumbi ana mtoto wa Karanja. Lakini Karanja ni chifu wa wakoloni, ndiye aliyemletea Mumbi habari kwamba mumewe anarudi, na Mumbi aliteleza katika furaha ya habari hiyohiyo. Usaliti wa nyumbani umezaliwa na usaliti wa nchi, huwezi kuuchomoa riwaya ikabaki imesimama. Na Mugo, aliyemuuza mpigania uhuru Kihika kwa wakoloni, hapigwi na mume yeyote. Wanakijiji wanamheshimu kama shujaa, na heshima hiyo ndiyo inayomtesa mpaka anasimama mbele ya watu siku ya Uhuru na kukiri. Garrigan alihitaji siku kama hiyo.

Wanaoutetea mswada husema sinema inataka kilele. Kilele walikuwa nacho! Amin amewafukuza Waasia, siku 90, mwaka 1972, mambo yanamharibikia, anamlaumu Garrigan kwa kutomzuia. Garrigan anajitetea kwamba alimwambia. Amin anamjibu kwamba hakumshawishi. Forest Whitaker, aliyejifunza hata Kiswahili kwa ajili ya kazi hii na kupata Oscar kwa haki, anaigiza hapo mtoto na jabari kwa pumzi moja. Tukio hilo lingeweza kuibeba nusu yote iliyobaki.

Ugonjwa wa kumtoa Mwafrika kafara ili kisa kibaki cha Mzungu ni wa zamani, na nimekuwa nikiulalamikia tangu Cry Freedom ya 1987, ambamo mwanaharakati Biko anauawa katikati na sisi tunaachwa tukihangaikia safari ya mwandishi Mzungu Donald Woods kuvuka mpaka. Katika The Last King of Scotland zamu ni ya Dakta Junju, daktari mwenzake Garrigan. Anamtungua Garrigan kwenye ndoano, anamwambia kwamba anastahili kufa, ila akiwa hai huenda akajisafisha, tena dunia itamwamini kwa kuwa ni Mzungu. Kisha anapigwa risasi. David Oyelowo anayasema maneno hayo vizuri, lakini yanatoka kwa mtu ambaye nje ya hospitali hatukuonyeshwa maisha yake.

Mira Nair alikuwa na dakika chache tu za Kampala katika Mississippi Masala, mwaka 1991, akamsawiri Okelo: rafiki anayemtoa Jay, Mhindi wa Uganda, mahabusu, kisha anamwambia kinywa kwa kinywa kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Upendo na kufukuzwa vimo ndani ya mtu mmoja, na Jay anakaa na uchungu wake kwa miaka mingi kabla ya kurudi kumtafuta na kukuta alikwisha kufa. Okelo huyo haonekani kwa muda mrefu kuliko Junju.