Kusoma Ukoko wa Mtutu

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa yale madini mazito ya kijivu na kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Viwanda vimeshaligawa neno hilo, maana risasi nyingi za leo huvishwa koti la shaba. Lakini Marekani wako watu ambao kwao neno limebaki moja. Huyeyusha madini hayo hadi yapite nyuzi 327 za Selsiasi, huyachanganya na bati na antimoni kidogo yapate ugumu, huyamimina kwenye kalibu, kisha hujaza nta ya nyuki na mafuta kwenye mfereji unaozunguka kiuno cha risasi. Ganda lililokwishatumika hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwenye mizani, na risasi ya kusubu hukazwa juu yake. Mvuvi wa pwani anayejisubia chubwi za mshipi wake angeielewa nusu ya kazi hiyo bila kufundishwa.

Ninayotaka kuisifu hapa ni nusu ya pili, ile inayoanza mambo yakiharibika.

Bastola ya silinda imelenga vizuri tangu asubuhi, na baada ya risasi hamsini matundu kwenye shabaha yanaanza kutawanyika. Fundi anatoa maganda, anahakikisha silinda ni tupu, anamulika ndani ya mtutu. Mifereji iliyokuwa inang'aa imeshikwa na ukoko wa kijivu, kama sufuria ya wali uliopaliwa makaa kupita kiasi.

Hakimbilii kuusugua. Kwanza anatazama umekaa wapi. Yakiwa ni masizi meusi yanayofutika kwa kitambaa, hiyo ni nta iliyoungua pamoja na baruti, na haimsumbui. Ukoko ukiwa karibu na mdomo wa mtutu, mafuta yameishia njiani. Ukiwa mwanzoni kabisa, pale risasi inaporuka kutoka kwenye silinda kuingia mtutuni, anaanza kushuku vipimo.

Na vipimo vyenyewe ni vya kustaajabisha. Risasi ya kusubu hutakiwa iuzidi mtutu unene kwa kiasi cha elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.025, chini ya unene wa unywele. Kila tundu la silinda lina koo lake upande wa mbele. Koo likiwa jembamba kuliko mtutu, huikamua risasi kabla haijafika. Risasi huingia mtutuni imelegea, gesi ya moto hupenya ubavuni mwake, huiyeyusha juujuu na kuipaka kwenye chuma. Ukoko unaonekana mtutuni, na kosa liko kwenye silinda.

Basi fundi anachukua kipande cha risasi laini, anakipaka mafuta, anakigonga kwa nyundo ya mbao kiingie mtutuni, kisha anakisukuma kwa fimbo taratibu. Hapo mkono ndio unaosoma. Kinateleza, kinateleza, halafu kinakaza kidogo pale mtutu ulipofungwa kwenye fremu kwa hesi. Ulipokazwa kiwandani, chuma kilijibana. Kikitoka anakipima kwa maikromita, kisha anajaribu kukipitisha kwa kidole kwenye koo la kila tundu, moja baada ya jingine. Kikipita kwa kusukumwa kidogo, koo halina neno. Kikigoma, chanzo kimepatikana.

Si wote huanza na vipimo. Kampuni ya Smith & Wesson ilipotoa bastola ya .357 Magnum mwaka 1935, risasi laini za kiwandani zilizopigwa nayo zilichafua mitutu vibaya sana. Wengi walihitimisha kwamba dawa ni ugumu. Elmer Keith, mfugaji wa ng'ombe wa Idaho, alikuwa ameshabuni risasi yake ya kusubu, bapa puani na yenye mfereji mpana wa mafuta. Kalibu yake, namba 358429 ya Lyman, inajulikana hadi leo. Lakini ugumu una mtego wake. Risasi ngumu ikisukumwa na baruti kidogo, kitako chake hakitanuki kuziba mtutu, na gesi inapita vilevile. Mara nyingi dawa ni kuilainisha. Anayegundua hilo kwa majaribio yake mwenyewe nampa heko.

Maana anabadilisha jambo moja tu kwa wakati: leo unene, wiki ijayo mchanganyiko wa madini, baadaye nta, na kila tokeo linaandikwa daftarini. Katikati ya majaribio anausugua ukoko kwa nyuzi za shaba za kuoshea sufuria, zilizozungushwa kwenye brashi kuukuu. Kwanza anazijaribu kwa sumaku, kwani nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu. Akimaliza ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa risasi ni sumu.

Dalili ya kupona huonekana mdomoni mwa mtutu. Mafuta yaliyosalia hutua juu ya chuma na kuchora nyota ndogo, miali yake ikifuata mifereji ya ndani. Nyota hiyo ikiwepo baada ya risasi ya hamsini, mafuta yalitosha safari nzima.