Nidhamu ya Michoro: Namna Viwango Vinavyosimamiwa Ndani ya Programu ya Usanifu

Jengo la ghorofa linalokusudiwa kujengwa Changamwe, Kisauni au Likoni, pwani ya Kenya, hupitia mikononi mwa wataalamu ambao kwa kawaida hawakai ofisi moja, yaani mpima ardhi, msanifu majengo, mhandisi wa miundo na mkadiriaji majenzi, na kila mmoja hujenga kazi yake juu ya faili aliyopokea kwa mwenzake. Mchoro usiofuata kanuni ya pamoja hauharibu sura ya karatasi peke yake, bali huhamisha kosa kutoka ofisi moja hadi nyingine bila mtu kulitambua.

Kosa linalopuuzwa mno ni la vipimo. Msanifu huchora kwa milimita, mpima hutoa nukta za mipaka kwa mita, na ramani nyingi za zamani za upimaji nchini Kenya ziliandaliwa kwa futi. Kiwanja kikitokea kidogo mara 1,000, kila mtu huona. Hatari imo katika ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo kwa hakika ni mita 15.24 kwa 30.48, lakini mchoraji mwenye haraka huiandika 15 kwa 30. Hapo takriban mita 14.5 za mraba hupotea, na umbali kati ya ukuta na mpaka huwa wa uongo kabla msingi haujachimbwa.

Suala la pili ni la matabaka, yaani makundi ambamo programu hutenganisha kuta, milango, nguzo na maandishi ili kila kundi liweze kufichwa au kuchapwa peke yake. Taasisi ya wasanifu majengo ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuyapa majina mwaka 1990, ambamo ukuta wa msanifu huitwa A-WALL, na baadaye kikaja kiwango cha kimataifa cha ISO 13567. Jina hubeba uzito kwa sababu kila tabaka huwa na rangi yake, na katika AutoCAD, programu iliyotoka mwaka 1982, ofisi nyingi huifanya rangi iamue unene wa mstari wakati wa kuchapa, hivyo ukuta uliopewa rangi isiyo yake hutoka mwembamba kama mstari wa samani, na fundi husoma anachokiona.

Kitabu cha mwongozo kilichowekwa rafuni hakiwezi kushindana na haraka ya mchoraji anayesubiriwa kiwanjani, na ndiyo maana usimamizi unaofaulu huanzia katika kiolezo, yaani faili tupu iliyokwisha kuwekewa matabaka, mitindo ya maandishi na vipimo sahihi. Kiolezo hicho kinapaswa kutungwa kwa ajili ya pwani, kwani vile vya kigeni huja na alama za matofali na mbao huku kuta nyingi za hapa zikijengwa kwa mawe ya matumbawe. Baada yake huja faili ya viwango yenye kiambishi DWS, ambayo AutoCAD huilinganisha na mchoro na kuonyesha kila palipokiukwa. Faili hiyo hukagua mambo manne tu: matabaka, mitindo ya maandishi, mitindo ya vipimo na aina za mistari. Haijui ukuta ni nini, kwa hiyo ukuta uliochorwa katika tabaka la samani utapita bila pingamizi maadamu jina la tabaka ni sahihi.

Pengo hilo huzibwa na jicho la msanifu aliyesajiliwa chini ya Sura ya 525 ya sheria za Kenya, ambaye saini yake humfanya awajibike kwa mchoro unaopelekwa kaunti kuombewa kibali chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hata hivyo mahali pa kudai viwango ni mapema zaidi, pale faili inapopokelewa. Iliyokiuka irudishwe kwa mwenyewe pamoja na orodha ya dosari zake, ingawa kifaa cha kubadilisha majina ya matabaka kingeweza kuisafisha kwa dakika chache. Mpokeaji anayerekebisha kimyakimya humnyima mchoraji nafasi ya kujua alipokosea, na toleo linalofuata, ambalo huja palepale mteja anapoongeza chumba, hufika likiwa na dosari zilezile.