Neno "Emisambwa" na Tafsiri Zake

Wenye kufasiri habari za Wazanaki hupenda kuandika kwamba emisambwa ni majini au mashetani. Tafsiri hii haifai. Jini ni neno lililotoka Arabuni kwa njia ya pwani, na kiumbe huyo si wa ukoo wa watu. Shetani naye ni adui wa Mungu. Bali emisambwa ni roho za nchi, mara nyingi za wahenga, zilizoshikamana na mahali: chemchemi, kilima, au msitu kama ule wa Muhunda huko Mwitongo, Butiama. Afadhali neno mzimu, maana lataja roho na mahali pa kutambikia pia. Tukimfundisha mtoto kwamba msitu ule ni wa shetani, tusistaajabu akiufyeka.